Kuondoa stika na nembo za muuzaji kwenye gari bila kujeruhi rangi

Gari likitoka kwa muuzaji, mara nyingi hutoka na jina lake: herufi za plastiki zinazong'aa kwenye mlango wa buti, stika karibu na taa za nyuma, fremu ya namba yenye simu na anwani, na kidude kingine kimebandikwa kioo cha nyuma. Umelipia gari, hukulipwa kumtangazia mtu biashara. Vyote hivyo unaweza kuviondoa mwenyewe nyumbani, ukijitengea nusu siku isiyo na haraka.

Kama gari bado hujalichukua, njia rahisi kuliko zote ni kumwambia muuzaji mapema asibandike kitu, na sharti hilo liandikwe kwenye karatasi za mauzo. Wengi hubandika siku ya mwisho kabisa, wakati wa kuliosha kwa ajili ya kukabidhi, na aliyeshika stika si yule uliyezungumza naye.

Kama limeshabandikwa, anza na jambo moja kichwani. Stika yenyewe kwa kawaida haiharibu rangi, na kuibandua ni sehemu nyepesi ya kazi. Mara nyingi rangi huumia baadaye, pale gundi imebaki, mkono umechoka, na mtu anaona bora aikwangue. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina lengo lilelile: gundi ilainike au iyeyuke yenyewe, wewe usitumie nguvu.

Jua unachokigusa

Rangi ya kiwandani ni tabaka juu ya tabaka. Chini kuna praima, ile rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe, halafu klia, ile vanishi isiyo na rangi inayoleta mng'ao na kukinga jua. Zote pamoja kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 180. Klia peke yake huwa karibu mikroni 40 au 50, yaani nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Hapo ndipo utafanyia kazi, na kila unaposugua kwa polishi unaimega kidogo.

Rangi iliyopigwa upya gereji ni habari nyingine. Kama fundi hakusafisha bodi vizuri au hakuipiga msasa wa kutosha, gundi ya stika inaweza kuishika rangi kuliko rangi inavyoishika bodi. Ukivuta stika, inakuja na kipande cha rangi mgongoni. Chunguza kabla: angalia kama kuna chembe za rangi kwenye mipira ya milango na kingo za taa, kama uso una vijipele vya maganda ya chungwa kuliko paneli ya jirani, kama rangi ya mlango mmoja inatofautiana na mwingine ukitazama kwa ubavu. Ukiona dalili hizo, ongeza joto kidogo na upunguze kasi mara dufu. Na kama rangi imepigwa wiki chache zilizopita, acha kwanza ikomae, kwa sababu viyeyusho huilainisha.

Kuna pia magari, hasa ya zamani, yasiyo na klia kabisa. Chukua kitambaa cheupe, weka tone la polishi, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hakuna klia juu yake, na utapaswa kuwa mpole zaidi na viyeyusho.

Halafu jua kilichobandikwa. Pitisha ukucha pembeni mwa stika. Kama ukucha haukwami popote, mchoro huo uko chini ya klia na hauondoki bila kupiga rangi upya, uache. Kama unakwama kidogo, ni stika ya vinaili, yaani plastiki nyembamba, kazi nyepesi. Kama ni herufi au nembo nene ya plastiki, karibu kila mara imeshikwa na tepu ya sponji yenye gundi pande mbili.

Karibu kila mara, si kila mara. Nembo nyingine zina misumari midogo ya plastiki inayoingia kwenye matundu ya bodi. Za wauzaji huwa za gundi tu, lakini usikisie: fungua kitambaa cha ndani cha mlango wa buti, mulika kwa tochi, utafute matundu au vibanio nyuma ya nembo. Ukiyaona, fikiria upya. Nembo ikitoka itabaki tundu, na tundu lililoachwa wazi huingiza maji na kuanza kutu. Hiyo ni kazi ya fundi rangi, na kusema kweli mara nyingi ni bora nembo ibaki.

Usichanganye mambo ya muuzaji na ya kiwanda. Kibandiko cha shinikizo la matairi kwenye fremu ya mlango wa dereva, kile chenye namba ya chasisi, maonyo ya mikoba ya hewa, na vibandiko vya chini ya boneti vina kazi yake na vibaki hapo hapo.

Vya kuandaa

Draya ya nywele ya kawaida. Uzi wa kusafishia meno, au mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ambao ni imara zaidi. Kadi ya plastiki iliyoisha muda. Tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Vitambaa vya maikrofaiba, vingi kuliko unavyodhani, kwa sababu kitambaa kilichoshika gundi hakirudishwi kwenye rangi. Ndoo na shampuu ya gari. Alkoholi ya isopropili. Polishi laini na nta.

Dawa ya kuondoa gundi ndiyo inayobishaniwa sana. Zile zilizotengenezwa kwa mafuta ya maganda ya machungwa ni salama na zinanukia vizuri, ila zinataka muda. Waiti spiriti ni kali kidogo lakini haiidhuru rangi ya kiwandani iliyokomaa ikitumika kwa muda mfupi. Mafuta ya taa nayo yanafanya kazi ileile. Shida yake ni kuacha utelezi unaohitaji kuoshwa vizuri. Ukikosa vyote, mafuta ya kupikia huilainisha gundi polepole, na hayana hatari yoyote kwa rangi.

Visivyotakiwa kabisa ni thina, asetoni na mafuta ya breki: hivi hula rangi, na unaweza kuona klia ikikunjamana mbele ya macho yako. Petroli nayo iache, mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu. Wembe, kisu, bisibisi, stili wulu na upande wa kijani wa sponji ya jikoni visikaribie rangi.

Osha kwanza

Hatua hii hurukwa na wengi. Vumbi na mchanga hujificha kwenye kona za herufi, na uzi utakaoupitisha nyuma ya nembo utauburuta mchanga huo juu ya klia. Osha sehemu nzima kwa shampuu, tumia brashi yenye nywele laini kusugua kuzunguka kila herufi, suuza kwa maji mengi, kausha. Kisha ondoa gari kwenye jua. Bodi yenye uvuguvugu ni sawa, inasaidia hata. Ikiwa ya moto, dawa itakauka kabla haijafanya kazi.

Joto

Shika draya umbali wa sentimita 10 hadi 15, izungushe muda wote, usiisimamishe mahali pamoja. Stika nyembamba inatosheka na dakika moja au mbili. Nembo nene inahitaji zaidi, kwa sababu joto lazima lipite plastiki mpaka lifike kwenye tepu iliyo nyuma. Unatafuta kama nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Kipimo cha mkono ni hiki: bodi iwe ya moto, lakini uweze kuacha kidole hapo sekunde mbili tatu. Ukikirudisha kidole papo hapo umezidisha.

Ile mashine ya mafundi inayopuliza hewa ya moto iache kwa mwenye uzoefu. Nyingi zinapita nyuzi 500, na klia inaweza kutoa malengelenge kabla hujajua kimetokea nini. Kwenye bampa ni hatari zaidi, kwa kuwa bampa ni plastiki na hupinda.

Kama huna umeme karibu, loweka taulo kwenye maji ya moto yasiyochemka, likamue, lilaze juu ya stika dakika chache, rudia. Njia hii ni ya polepole lakini ni vigumu kuharibu kitu nayo.

Kubandua stika

Inua kona moja kwa ukucha au ncha ya kadi. Ikishainuka, ikunje irudi nyuma juu yake yenyewe na uivute ikiwa imelala karibu na bodi, si kuielekeza kwako moja kwa moja. Kuvuta kwa kunyanyua ndiko kunakong'oa rangi dhaifu. Kuvuta kwa kulaza kunaichana gundi kidogo kidogo.

Tazama mstari ule ambapo stika inaachana na rangi, kwa sababu ndio unaokuambia cha kufanya. Vinaili ikikatika vipande vipande, ni baridi mno, rudisha draya. Gundi ikivutika kama nyuzi na kubaki yote kwenye gari huku vinaili ikirefuka mkononi, ni moto mno. Subiri nusu dakika. Mahali pa katikati, stika inatoka na sehemu kubwa ya gundi yake, na mkono mmoja unapuliza mbele huku mwingine unavuta nyuma. Stika ya upana wa kiganja ikichukua dakika tano, hiyo ni kasi nzuri.

Stika iliyopigwa na jua miaka mingi ni suala jingine. Imekauka, ina nyufa, na inatoka kama magamba. Hapo utatumia joto, kadi ya plastiki iliyolazwa, maji ya sabuni ya kuteleza, na muda. Mafundi wana gurudumu la mpira linalofungwa kwenye drili, linaloila vinaili na gundi kwa pamoja. Linafanya kazi kweli. Lakini linazalisha joto haraka, kwa hiyo drili iende taratibu, gurudumu lisikae mahali pamoja, na lisitumike kwenye rangi ya gereji, kwenye bampa wala kwenye kingo za paneli ambako klia ni nyembamba zaidi. Mpaka wa kasi huandikwa kwenye gurudumu lenyewe, usome.

Kutoa nembo za plastiki

Zungushia nembo tepu ya karatasi pande zote, karibu kabisa, ili uzi au kadi ikiteleza iguse tepu. Bandika pia kipande kirefu juu ya nembo yenyewe, ncha moja ikiwa imeshika bodi, ili ikiachia isianguke na kukwaruza bampa njiani.

Pasha joto. Nyunyiza maji ya sabuni juu ya nembo yatiririke nyuma yake. Chukua uzi wa urefu wa mkono, zungushia ncha zake kwenye vidole, ukiwa umevaa glovu kama ni mshipi, maana unakata. Uingize nyuma ya ukingo wa juu na uanze kuusogeza kushoto kulia kama msumeno, ukishuka. Uzi ukae katikati ya sponji: usiuelekeze kwenye bodi, usiuelekeze kwenye nembo. Utausikia unakata kwa mlio mdogo mkavu. Ukiacha kusogea, usiuvute kwa nguvu, pasha joto tena. Uzi wa meno ukikatika katika, ukunje uwe mara mbili.

Herufi zilizotengana zifanye moja moja. Jaribu la kuchomeka bisibisi ili kuiharakisha herufi ya mwisho huwa kubwa, na matokeo yake ni kishimo kwenye bati ambacho polishi haikiondoi.

Gundi

Sasa nembo imetoka na gari linaonekana baya kuliko mwanzo: mabaki ya sponji nyeusi au kijivu yanayosoma jina la muuzaji vilevile. Usishtuke.

Anza bila dawa. Pasha joto kidogo, kisha sukuma sponji kwa upande wa kidole gumba. Itajiviringisha, na kiviringisho kikikua kitaikusanya gundi nyingine njiani. Kipande kikubwa cha mabaki kinaweza kuisha kwa dole gumba peke yake. Ni kazi ya kuchosha kidole, ila kila unachokitoa hivi ni dawa na msuguo uliookoa.

Ukifika mwisho wa njia hiyo, zima draya, chomoa umeme, iweke mbali. Viyeyusho vingi vinawaka, na joto na mvuke havikutani. Fungua mlango wa gereji au fanyia nje, vaa glovu.

Mimina dawa kwenye kitambaa, si kwenye gari, isije ikatiririka kwenye mipira na plastiki nyeusi zisizopakwa rangi ambazo huachwa na mabaka. Laza kitambaa kilicholowa juu ya gundi na uondoke. Dakika tatu hadi tano. Uzuri wa dawa uko kwenye kukaa. Ukirudi, gundi itakuwa imevimba na kulainika kama uji. Ifute kwa upande mmoja, kunja kitambaa upate uso safi, futa tena. Sehemu nene isukume kwa kadi iliyolazwa. Usisugue kwa kuzunguka, kwa sababu chembe yoyote ya mchanga iliyomo itachora duara. Rudia mara nne, tano, sita, hadi kitambaa kitoke safi.

Osha kwa shampuu kutoa mafuta ya dawa, kausha, halafu futa kwa alkoholi. Sasa vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole. Mfuko huongeza hisia za ngozi kwa namna ya ajabu: mabaki ya gundi ambayo macho hayayaoni yatakwaruza chini ya vidole. Palipo na ukwaruzi, rudia dawa.

Vitambaa vilivyolowa usivirundike kwenye kona. Vianike nje vikauke vikiwa vimekunjuliwa.

Kivuli kilichobaki

Tazama kwa ubavu, mwanga wa tochi ukipita juu ya bodi. Mara nyingi utaona umbo la herufi bado lipo. Kabla ya kuchukua polishi, tambua ni kivuli cha aina gani.

Kama ni mstari mwembamba wa uchafu kwenye mpaka wa herufi, ni gundi na vumbi la miaka. Dawa tena, au udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari ukiwa na maji ya sabuni, na unaondoka.

Kama umbo lote linang'aa na kuwa zito kuliko pembeni, basi rangi iliyokuwa chini ya nembo ndiyo nzima. Iliyochoka ni ya kuzunguka. Hapa wengi hupolishi umbo lenyewe, na linazidi kuonekana. Polishi eneo pana, la sentimita 40 kwa 40 au zaidi, ukiweka bidii pembeni na kupita juu ya umbo kidogo tu. Tumia polishi laini na sponji laini kwa mkono, miondoko ya kulala kisha ya kusimama, futa, tazama. Rudia ikihitajika, lakini kumbuka zile mikroni. Ukiona haibadiliki baada ya raundi mbili tatu, simama. Rangi nyekundu na rangi nzito za zamani huacha tofauti ambayo polishi haiimalizi; nyeupe na fedha husamehe.

Aina ya tatu ni ile ambapo kingo za stika zimezama kwenye klia, na ukucha unazihisi. Polishi inaweza kuzilainisha zisionekane kwa mbali. Kuziondoa kabisa kunahitaji msasa wa maji na mkono uliozoea, na kwa gari la matumizi ya kila siku sidhani kama inastahili.

Malizia kwa nta, kwa sababu alkoholi na dawa zimeondoa kinga yote iliyokuwepo hapo.

Gari lenye rangi isiyong'aa halipolishiwi wala kupakwa nta ya kawaida, utaliachia mabaka yanayometa. Na kama limevalishwa filamu ya kulinda rangi, joto jingi litainyanyua filamu pamoja na stika.

Vioo, taa na fremu ya namba

Kwenye kioo kitupu, upande wa nje, wembe mpya unaruhusiwa. Kioo kiwe kimelowa maji ya sabuni, wembe uwe umelazwa, usukume kwenda mbele tu bila kurudisha. Ndani ya kioo cha nyuma usijaribu: zile nyuzi za kupasha joto na wakati mwingine za antena zimechapwa juu ya kioo, na wembe huzikata. Tinti nayo haivumilii wembe. Huko tumia joto, vuta kufuata mwelekeo wa nyuzi, kisha maji ya sabuni.

Taa za plastiki zifanyiwe kwa maji ya sabuni au mafuta ya kupikia peke yake. Waiti spiriti na alkoholi zinaweza kuzitia nyufa ndogo ndogo.

Fremu ya namba ni skrubu mbili au nne. Zikiwa na kutu, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu usubiri. Fremu nyingine ndizo zinazoshikilia kibao cha namba, kwa hiyo uwe na skrubu na washa zake tayari kabla hujaifungua.

Rangi ikianza kuinuka

Ukiona kipande cha rangi kinapanda na stika, acha kuvuta papo hapo. Irudishe chini kwa kidole, pasha joto zaidi, na uanze upande wa pili wa stika kuelekea pale palipoharibika, ukiwa umeilaza kabisa. Ukifika, ikate stika kwa mkasi kuzunguka kipande hicho badala ya kukiacha kiendelee kuchanika. Safisha kwa alkoholi, kausha, na kama bati linaonekana, lifunike siku hiyohiyo kwa rangi ya kalamu yenye namba ya rangi ya gari lako. Namba hiyo mara nyingi iko kwenye kile kibandiko cha fremu ya mlango, au chini ya boneti. Paka tabaka nyembamba mbili tatu, kila moja ikauke kwanza, kisha klia juu yake. Kipande kikiwa kikubwa kuliko ukucha, mpelekee fundi rangi kabla unyevu haujaingia chini ya kingo.